Programu za kuingia katika mifumo huria: kuoana na majukwaa mengi au kushikamana na eneo-kazi moja? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Hapa yamekusanywa maswali ambayo watumiaji, wafungashaji wa programu na wasanidi chipukizi huyarudia kuhusu programu zinazoleta skrini ya kuingia, kama vile GDM, SDDM, LightDM na greetd. Anayeanza asome kwa mpangilio. Mwenye tatizo mahususi anaweza kuanzia sehemu ya mwisho.

## Mambo ya msingi

Programu ya kuingia hufanya kazi gani hasa, mbali na kuuliza nywila?

Kazi inayoonekana ni ndogo kuliko isiyoonekana. Mtumiaji huona majina ya akaunti, kisanduku cha nywila na kitufe cha kuzima mashine. Nyuma yake kuna huduma inayoendeshwa kwa mamlaka ya root (akaunti kuu yenye ruhusa zote), ambayo huanzisha mfumo wa michoro, hukabidhi nywila kwa utaratibu wa uthibitishaji (mara nyingi PAM, mfumo wa moduli za kuthibitisha watumiaji), husajili kipindi kipya (muda wote tangu mtumiaji aingie hadi atoke), huvua mamlaka ya root na kuchukua utambulisho wa mtumiaji, huandaa vigeu vya mazingira, kisha huendesha amri ya kufungua eneo-kazi. Mtumiaji akitoka, huduma hiyo hiyo husafisha mabaki ya kipindi na kuirudisha skrini ya kuingia.

Kwa hiyo ni muhimu kutenganisha vitu viwili: huduma ya nyuma, yenye mamlaka, na uso, yaani skrini yenyewe, unaopaswa kuendeshwa na akaunti isiyo na mamlaka yoyote. Majibu mengi yaliyo hapa chini yanategemea mpaka huo.

Kwa nini zipo nyingi hivi?

Ya kwanza kuenea ilikuwa XDM, iliyotoka pamoja na X11R3, toleo la mfumo wa michoro wa X, mwaka 1988 na isiyojali kabisa ni eneo-kazi gani litakalofuata. Miradi ya maeneo-kazi ilipokua, kila mmoja ulitaka skrini inayofanana nao: KDE ikawa na KDM, GNOME ikawa na GDM. LightDM, iliyoanza mwaka 2010, ilitaka kurudi kwenye usawa wa awali kwa kutoa huduma moja ambayo kila eneo-kazi lingeiwekea uso wake. Ubuntu iliitumia kuanzia toleo la 11.10, kisha ikarejea GDM katika toleo la 17.10. SDDM, iliyojengwa juu ya Qt (maktaba ya kujengea programu zenye madirisha), ilichukua nafasi ya KDM wakati KDE ilipohamia Plasma 5, toleo jipya la eneo-kazi lake, ingawa yenyewe haikuwa mradi wa KDE.

Mvutano huu, basi, haukuletwa na systemd (programu inayoanzisha na kusimamia huduma katika mifumo mingi ya Linux) wala Wayland (itifaki ya michoro inayochukua nafasi ya X). Ulikuwapo tangu mtu wa kwanza alipotaka picha ya skrini ya kuingia ifanane na picha ya eneo-kazi lake.

Je, ni lazima kuwa nayo?

Hapana. Unaweza kuingia kwenye terminali ya maandishi na kuandika `startx`, au jina la kompozita ya Wayland (programu inayopanga na kuchora madirisha kwenye skrini) kama `sway`. Utakosa orodha ya vipindi, ufikivu kwa wenye ulemavu na urahisi wa kubadilisha watumiaji, lakini kwa mashine ya mtu mmoja njia hii ni halali na imara.

## Majukwaa

Kwa nini programu iliyoandikwa kwa ajili ya Linux haifanyi kazi vilevile kwenye BSD (familia ya mifumo kama FreeBSD, NetBSD na OpenBSD)?

Kwa sababu karibu kila hatua iliyotajwa katika swali la kwanza huegemea kitu ambacho mifumo hutofautiana. Chukua uthibitishaji. Linux hutumia Linux-PAM. FreeBSD na NetBSD hutumia OpenPAM, ambayo ina kiolesura cha msingi kile kile lakini moduli tofauti. OpenBSD haina PAM kabisa, bali hutumia BSD Authentication, inayosanidiwa kupitia `login.conf`. Ndiyo maana OpenBSD ina xenodm, tawi la XDM lililorekebishwa kwa mahitaji ya mfumo huo. Programu inayodhani kwamba PAM ipo kila mahali haitafika mbali huko.

Kisha kuna vifaa. Kompozita ya Wayland inahitaji kufungua kadi ya michoro na kibodi bila kuwa root. Kwenye distro (mikusanyiko iliyofungashwa) nyingi za Linux ruhusa hiyo hutolewa na systemd-logind, na huduma hiyo haipo kwenye BSD. Ukiongeza tofauti za terminali pepe, za njia za faili (`/usr/share/xsessions` kwenye Linux, `/usr/local/share/xsessions` kwenye FreeBSD) na za namna ya kuanzisha huduma, unapata programu yenye matawi ya masharti katika sehemu zake nyeti kuliko zote, yaani zile zinazoendeshwa kwa mamlaka ya root.

logind, elogind, ConsoleKit2 na seatd zinatofautianaje?

Zote hujibu swali moja: nani ameketi mbele ya mashine sasa hivi, na ana haki ya kugusa vifaa gani?

systemd-logind ni sehemu ya systemd na ndiyo iliyoenea zaidi. Pamoja na kugawa vifaa, hushughulikia kuzima na kulaza mashine, na kuundwa kwa saraka ya muda ya mtumiaji kama `/run/user/1000`. elogind ni logind iliyotolewa ndani ya systemd ili isimame peke yake. Ilianzia katika mradi wa Guix, na leo hutumika pia katika distro kama Void na Devuan. ConsoleKit2 ni mwendelezo wa ConsoleKit ya zamani, na hutumika kwenye FreeBSD. seatd ni ndogo kuliko zote: hugawa vifaa tu, haijui kulaza mashine wala haitengenezi saraka ya muda. Maktaba yake, libseat, inaweza kuzungumza na seatd au na logind bila kompozita kujua tofauti.

Tofauti hii inaonekana hadi ndani ya maeneo-kazi. KWin ya Plasma ina njia ya kutumia logind na nyingine ya kutumia ConsoleKit, na kompozita zilizojengwa juu ya maktaba ya wlroots hutumia libseat. Mutter ya GNOME inaijua logind peke yake, pamoja na elogind inayoiga kiolesura chake.

Kama tofauti hizi zinajulikana, kwa nini wasanidi huchagua kutegemea systemd badala ya kuandika tabaka la kati, yaani msimbo unaoficha tofauti za majukwaa?

Tabaka la kati lina gharama ambayo haionekani siku linapoandikwa. SDDM ni mfano mzuri. Ili kitufe cha kuzima mashine kifanye kazi kila mahali, ina njia ya kuzungumza na logind, njia ya kuzungumza na huduma za zamani, na mipangilio ya `HaltCommand` na `RebootCommand` kwa wasio na lolote kati ya hayo. Kila njia inahitaji kujaribiwa kila toleo linapotoka, na mara nyingi hakuna hata msanidi mmoja wa mradi aliye na mashine ya kujaribia njia zote.

Jambo la pili ni kwamba kiolesura cha pamoja huishia kutoa kile tu ambacho majukwaa yote yanakiweza. Ikiwa jukwaa moja linaweza kuzipa skrini mbili za kuingia akaunti mbili za muda zisizoingiliana, na jingine haliwezi, tabaka la kati litabidi ama lifiche uwezo huo ama liuige kwa msimbo mwingi mahali pasipo nao. GNOME 49, iliyotoka Septemba 2025, ilikabiliana na hali hiyo hasa. Skrini kadhaa za kuingia zilizoendeshwa kwa akaunti moja ziligongana, kwa kuwa basi la D-Bus (njia ya programu kupeana ujumbe) na msimamizi wa huduma vyote ni kimoja kwa kila akaunti. GDM ikaanza kutumia userdb ya systemd (huduma inayotoa taarifa za akaunti) kuunda akaunti hizo inapozihitaji, na katika toleo hilo hilo gnome-session ikaondoa msimamizi wake wa ndani wa huduma na kuiachia systemd kazi hiyo.

Sababu hizi ni za kweli, na anayeziita uvivu hajawahi kutunza msimbo wa aina hii. Hata hivyo hazitoshi kuhalalisha kila utegemezi. Swali la kuuliza ni kama kinachotegemewa kinatatua tatizo ambalo mtumiaji analipata, au kimefuatwa kwa sababu tu kipo karibu.

Natumia FreeBSD, au distro isiyo na systemd. Je, nimefungiwa nje?

Kwa GNOME, njia imekuwa nyembamba: ni lazima wafungashaji wa jukwaa lako watoe huduma mbadala zenye violesura ambavyo GNOME inavitarajia, na kazi hiyo ni kubwa. Kwa Plasma, Xfce, LXQt, MATE na kompozita nyingi ndogo, jibu ni hapana. Vyote hivi vinaweza kufunguliwa kwa SDDM, LightDM, XDM au kwa mkono kutoka terminali.

Hapa watu wengi huchanganya mambo mawili yanayostahili kutengwa kabisa: eneo-kazi kutegemea systemd, na skrini ya kuingia ya eneo-kazi hilo kutegemea systemd. Jambo la pili likitokea bila la kwanza, unachopoteza ni skrini moja yenye mbadala. Tazama pia swali kuhusu KDE hapa chini.

## Mshikamano na eneo-kazi

Mshikamano unamletea mtumiaji faida gani, zaidi ya urembo?

Faida kubwa haihusu picha ya nyuma hata kidogo. Fikiria mtu anayetumia kibodi ya Kifaransa, ambayo herufi A hukaa mahali penye Q kwenye kibodi ya Kiingereza. Ameweka mpangilio huo ndani ya eneo-kazi lake, na kila kitu kiko sawa. Anapowasha mashine, skrini ya kuingia haijui chochote kuhusu mipangilio ya eneo-kazi, kwa hiyo inadhani kibodi ni ya Kiingereza. Anabonyeza A, mfumo unapokea q, na kisanduku kinaonyesha nukta tu. Nywila inakataliwa mara ya kwanza, ya pili na ya tatu, na mtu huyu hana njia yoyote ya kujua kwamba vidole vyake havijakosea.

Hali ni hiyo hiyo kwa ukuzaji wa maandishi kwenye skrini zenye msongamano mkubwa wa pikseli, kwa mpangilio wa skrini mbili, kwa kubofya kwa kugusa padi na kwa lugha. Uzito wake huongezeka kwa mtu asiyeona: bila kisoma skrini kwenye skrini ya kuingia, kompyuta yake imefungwa kabla hajaifungua. GDM huendesha GNOME Shell yenyewe kama uso wake, kwa hiyo kisoma skrini Orca, ukuzaji na kibodi ya skrini hupatikana pale pale, kwa msimbo ule ule unaotumika ndani. Kwa maoni yangu hii ndiyo hoja nzito kuliko zote za kutetea mshikamano, na wanaotetea uoanifu wa majukwaa wanapaswa kuijibu moja kwa moja badala ya kuzungumzia mapambo.

Kwa nini SDDM pamoja na Plasma huhitaji kitufe maalumu cha kuhamisha mipangilio?

Kwa sababu uso wa SDDM huendeshwa na akaunti yake yenyewe, yenye saraka ya nyumbani `/var/lib/sddm`, na haina haki ya kusoma saraka yako. Plasma iliweka kitufe kinachonakili rangi, fonti, kielekezi na mipangilio ya skrini hadi kwenye akaunti hiyo. Kinachonakiliwa ni hali ya siku hiyo. Ukibadilisha skrini kesho, itabidi unakili tena. Isitoshe, uso wa SDDM si kompozita ya Plasma, kwa hiyo baadhi ya mipangilio hata ikinakiliwa haina wa kuitumia. Utengano wa akaunti ni sahihi kiusalama na haupaswi kuondolewa. Kilichokosekana ni uso unaoielewa mipangilio ya Plasma.

Kwa nini skrini yangu haijifungi ninapotumia GNOME bila GDM?

Kwa sababu GNOME Shell huiomba GDM ithibitishe nywila wakati wa kufungua, na isipoipata hulemaza ufungaji wenyewe. Plasma haina tatizo hili, kwa kuwa ina programu yake ya kufunga skrini isiyojali umeingia kupitia nini. Huu ni mfano wa mshikamano uliovuka mpaka: kufunga skrini ni sehemu ya usalama wa kipindi, na hakupaswi kutegemea ni mlango gani uliofunguliwa asubuhi.

Nikiingia kwa alama ya kidole, kwa nini bado ninaulizwa nywila ya hifadhi ya siri?

Hifadhi za siri za GNOME Keyring na KWallet, zinazotunza nywila za programu zako, zimesimbwa kwa ufunguo unaotokana na nywila. Unapoandika nywila, moduli ya PAM huikamata njiani na kuifungulia hifadhi. Alama ya kidole huthibitisha kwamba ni wewe, lakini haibebi nywila yoyote, kwa hiyo moduli haina cha kutumia. Hakuna programu ya kuingia inayoweza kulitatua hili peke yake, iwe imeshikamana na eneo-kazi au la.

## Maamuzi ya wasanidi

Je, KDE kutengeneza Plasma Login Manager ni kuyatelekeza majukwaa mengine?

Plasma Login Manager ni tawi lililotokana na SDDM, na tofauti na mzazi wake hutegemea systemd kuanzisha na kusimamia sehemu zake. Hivyo haifanyi kazi kwenye FreeBSD wala kwenye distro zisizo na systemd, na masikitiko ya watumiaji wa huko yanaeleweka.

Hata hivyo Plasma yenyewe haijafungwa kwenye programu hiyo. Bado hutoa faili ya kipindi ya kawaida, inayoeleza amri ya kuifungua, na programu yoyote ya kuingia inayosoma faili hizo inaweza kuifungua. Msimamo wa ukurasa huu ni kwamba kinachopaswa kulindwa kwa nguvu zote ni mkataba kati ya mlango na nyumba: faili za vipindi, PAM, na vigeu vya mazingira vinavyojulikana. Mkataba huo ukibaki wazi, eneo-kazi lina haki ya kutengeneza skrini ya kuingia inayolifaa na kusema bayana inategemea nini. Ukivunjwa, kama ilivyo kwa ufungaji wa skrini wa GNOME, hapo lawama ni halali.

Je, hakuna muundo unaotoa vyote viwili?

Upo, na umekuwapo kwa muda. LightDM huacha huduma ya nyuma ifanye uthibitishaji na kutoa maktaba ambayo uso wowote, wa GTK au wa Qt, unaweza kuitumia. greetd imekwenda mbali zaidi: huduma na uso huzungumza kupitia soketi kwa ujumbe mfupi wa JSON. Uso hutuma `create_session` pamoja na jina la mtumiaji. Huduma hujibu kwa swali la kuonyeshwa, na kusema kama jibu lifichwe au lionekane. Uso hurudisha jibu. Mwishoni hutuma `start_session` pamoja na amri ya eneo-kazi. Uso unaweza kuwa dirisha la maandishi kama tuigreet, au kitu kikubwa kinachoendeshwa ndani ya kompozita.

Muundo huu huweka msimbo wenye mamlaka mahali padogo panapokaguliwa kwa urahisi, na kuuacha uso ushikamane na eneo-kazi upendavyo. Mipaka yake inafahamika pia: kuanzisha kompozita ya uso, kukabidhi skrini kwa kipindi kipya bila kumwekamweka, na kurithi mipangilio ya skrini ni mambo ambayo soketi ya uthibitishaji haiyagusi, na eneo-kazi litabaki na kazi ya kuyaandika.

Nikileta kiraka cha kuauni jukwaa langu, kwa nini watunzaji wasikipokee?

Mara nyingi wasichokipokea ni deni la kukitunza, hata pale msimbo wenyewe ni mzuri. Kiraka kina nafasi nzuri zaidi kikija na majaribio yanayojiendesha kwenye jukwaa husika, na mtu aliyejitolea kujibu hitilafu zake kwa matoleo yajayo. Kiweke kwenye faili yake yenyewe, nyuma ya kiolesura kilichopo, badala ya kusambaza masharti ndani ya huduma ya nyuma. Ikiwa kiolesura hakipo, pendekeza kiolesura kwanza bila jukwaa lako. Mabadiliko ya aina hiyo hukubalika kwa urahisi kwa kuwa huusafisha msimbo wa kila mtu.

## Hali za pembeni

Kuingia moja kwa moja bila nywila kunaathiri nini?

Hifadhi ya siri haitafunguka, kwa sababu iliyoelezwa katika swali la alama ya kidole. Kuna mwanya mmoja mzuri: ikiwa diski imesimbwa kwa LUKS, systemd inaweza kuiweka nywila ya diski kwenye hifadhi ya funguo ya kerneli kwa muda, na moduli ya `pam_gdm` huichukua na kuifungulia hifadhi ya siri, mradi nywila hizo mbili zifanane. Hapa utegemezi wa systemd unamletea mtumiaji kitu anachokiona kila asubuhi.

Picha yangu haionekani kwenye skrini ya kuingia. Kwa nini?

Picha ya `~/.face` imo ndani ya saraka yako, ambayo akaunti ya skrini ya kuingia haipaswi kuisoma. Ikiwa saraka imesimbwa, kwa mfano kwa systemd-homed, basi kabla hujaandika nywila haisomeki na mtu yeyote. Weka picha kupitia AccountsService, inayozihifadhi kwenye `/var/lib/AccountsService/icons`. Programu ya kuingia isiyoijua huduma hiyo itaonyesha alama ya kawaida.

Naweza kuingia kwa mbali?

XDM na wenzake walitumia XDMCP, itifaki ya kuonyesha skrini ya kuingia kupitia mtandao, ambayo haisimbi chochote na haifai nje ya mtandao unaouamini kikamilifu. Tangu GNOME 46, GDM inaweza kupokea muunganisho wa RDP (itifaki ya eneo-kazi la mbali) na kufungua kipindi kipya kwenye mashine isiyo na mtu mbele yake. Huu ni uwezo uliotokana moja kwa moja na mshikamano. Haja ya kuwa na skrini nyingi za kuingia kwa wakati mmoja, iliyoelezwa katika swali la tabaka la kati, inatoka hapa na kwenye mashine zenye viti vingi, yaani kompyuta moja yenye skrini na kibodi za watu kadhaa.

Nimebadilisha programu ya kuingia na sasa naona skrini nyeusi. Nifanyeje?

Bonyeza Ctrl+Alt+F3 upate terminali ya maandishi. Kwenye mfumo wa systemd, kagua kiungo `/etc/systemd/system/display-manager.service` kinaelekeza wapi. Debian na jamaa zake wana pia faili `/etc/X11/default-display-manager`, na viwili hivyo vikipingana ndipo tatizo lilipo. Kwenye FreeBSD, angalia `/etc/rc.conf` kama programu mbili za kuingia zimewashwa kwa pamoja.

Terminali isipofunguka, hariri mstari wa kerneli wakati wa kuwasha na uongeze `systemd.unit=multi-user.target`. Kwenye FreeBSD, washa kwa hali ya mtumiaji mmoja. Ukishaingia, endesha eneo-kazi kwa mkono kama ilivyoelezwa katika sehemu ya kwanza. Likifunguka, eneo-kazi ni zima na hitilafu iko kwenye programu ya kuingia. Lisipofunguka, kurudisha programu ya zamani hakutasaidia, na unapaswa kuanza na kumbukumbu za kompozita au za kadi ya michoro.